Mangi, Rais na Askofu: Namna za Utawala na Sauti ya Raia katika Historia ya Kilimanjaro na Meru

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza swali ambalo wanafunzi wa theolojia huliuliza mara kwa mara katika somo la historia ya Kanisa, nalo ni hili: Je, ipo namna ya utawala ambayo Mkristo anaweza kusema kwamba inampa raia nafasi yake kuliko nyingine zote? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa haraka mno. Mmoja hutaja demokrasia ya vyama vingi na kuketi. Mwingine hukumbuka jinsi Samweli alivyowaonya Waisraeli walipotaka mfalme, akahitimisha kwamba ufalme ni mbaya kwa asili yake. Wa tatu hufungua Warumi 13, na baada ya hapo mjadala hufa.

Nimeona ni afadhali tusianze na vitabu vya siasa vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, bali tuangalie eneo dogo tunalolifahamu, yaani miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Katika muda usiozidi miaka mia moja, watu wa milima hii wametawaliwa na wamangi wa asili, na maofisa wa Kijerumani, na wamangi waliolipwa mshahara na Waingereza, na Mangi Mkuu aliyepigiwa kura, na Rais wa Wachagga, na chama kimoja, na vyama vingi. Wakati huo huo, watu hawa hawa waliokuwa wakikaa katika ibada ya Jumapili waliongozwa na wamisionari, kisha na rais wa kanisa, kisha na askofu. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo namna nyingi hivyo za utawala zimejaribiwa juu ya watu wale wale, wakati mwingine katika maisha ya mtu mmoja.

Kwa kila namna nitauliza mambo matatu tu. Nani humweka mtawala? Nani aweza kumwondoa? Na je, kabla uamuzi haujafanywa, ni nani aliyepewa nafasi ya kusema? Msomaji ataona kwamba swali la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi, na sababu zake zitajitokeza mbele.

Mangi na watu wa mfongo

Kabla ya Wajerumani kuja, Kilimanjaro haikuwa nchi moja. Palikuwa na umangi mwingi, mkubwa na mdogo, na mipaka yake ilikuwa mabonde ya mito. Katika karne ya 19 biashara ya misafara kutoka pwani iliwatajirisha wamangi wachache na kuwapa bunduki. Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho walikuwa watu wa kuogopwa. Hakuna aliyewapigia kura. Mangi alitoka katika ukoo wa kimangi, na ndugu wenye madai sawa walimalizana kwa vita au kwa hila. Tusijidanganye, basi, kwa kuchora picha ya Afrika ya kale ambamo wote walikaa chini ya mti wakakubaliana.

Hata hivyo, ingekuwa kosa pia kusema kwamba raia hakuwa na sauti. Kwanza, mtu aliyeonewa aliweza kuvuka bonde na kwenda kuishi chini ya mangi mwingine, na mangi aliyekimbiwa na watu wake alibaki bila askari na bila wafanyakazi. Hofu hiyo ilimfunza kusikiliza. Pili, hakuweza kutawala bila wakuu wa koo, wazee wa mitaa na viongozi wa marika. Tatu, na hili ndilo linalonivutia zaidi, yalikuwapo mambo makubwa ya maisha ambayo mangi hakuyaamua. Maji ni mfano mzuri. Mifereji ya kumwagilia, ambayo wenyeji huiita mifongo, ilichimbwa na koo na majirani, na ilikuwa mali ya wale walioichimba na uzao wao. Zamu za maji zilipangwa na wazee wa mfongo huo. Siku ya kazi wote waliotumia maji waliitwa kwenda kuuzibua, na aliyekosa alitozwa faini. Aliyepunjwa zamu yake alisema mbele ya majirani zake na kusikilizwa na watu waliojua shamba lake lilikauka kwa kiasi gani.

Naomba tuukumbuke mfongo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku la kura, lakini aliyeamua alikuwa pia mwenye kunywa maji yale yale. Ni kweli kwamba baraza hilo lilikuwa la wanaume. Mama aliyechota maji kila asubuhi hakuwa na kiti hapo, na kasoro hii itaonekana tena katika kila namna ya utawala tutakayoitaja, pamoja na ile ya Kanisa.

Mangi mwenye mshahara

Wajerumani walibadili msingi wote. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, alinyongwa pamoja na viongozi wengine, na uzao wake umeendelea hadi siku zetu kutafuta kichwa chake, ambacho inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Kuanzia hapo kila mangi alijua kwamba kiti chake hakitegemei tena watu wa upande huu wa bonde bali ofisa aliye bomani. Kuvuka bonde hakukusaidia tena, kwa kuwa mabonde yote yalikuwa chini ya boma moja.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walisema kwamba watarudisha heshima ya watawala wa jadi. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na sheria ya mamlaka za wenyeji ikatungwa mwaka 1926. Kwa sura ya nje mangi alibaki mangi. Kwa ndani alikuwa mtumishi wa serikali, alikusanya kodi, alilipwa mshahara, na aliweza kufutwa kazi na waliomlipa. Tukiuliza maswali yetu matatu, jibu ni chungu: aliyemweka na aliyeweza kumwondoa walikuwa juu yake, na walio chini yake walibaki kuambiwa. Wapo wanaosema kwamba huu ulikuwa utawala wa Kiafrika uliohifadhiwa na wageni. Mimi naona ulihifadhi kiti na kuondoa kile kilichomfanya aliyekikalia awaogope watu wake.

Raia hawakukaa kimya. Kwa kuwa baraza la mangi halikuwa tena mahali pa kusemea, walianza kusema kupitia kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na kiongozi wake alikuwa Joseph Merinyo, Mkristo wa Kilutheri aliyelelewa katika shule za misioni. Chama hiki kilianza kutetea bei na dawa za mikahawa, lakini haukupita muda mrefu kikawa pia sauti juu ya ardhi na juu ya wamangi wenyewe. Serikali iliona hatari. Chama kikavunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ushirika mpya, KNCU, ukaundwa chini ya uangalizi wa karibu zaidi. Mwaka 1937 wakulima waliokasirishwa na amri ya kuuza kahawa kupitia ushirika huo peke yake walizishambulia ghala zake. Walikuwa wanachama kwa sheria, lakini hawakujiona kuwa wenye chama. Tofauti hiyo hatuwezi kuiona katika katiba yoyote, ila siku ghala linapovunjwa.

Kanisa lililofundisha kuandika malalamiko

Sasa tugeukie Kanisa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanzia Machame. Mwaka 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru, na adhabu iliyotolewa na jeshi la Wajerumani juu ya watu wa Meru na Arusha ilikuwa kali kupita kiasi.

Kanisa walilotoka wamisionari hao lilikuwa na utawala wa ajabu, na wanafunzi hushangaa wanapousikia. Martin Luther mwaka 1523 aliwaandikia watu wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, akitetea kwamba mkutano wa Kikristo una haki ya kuyapima mafundisho na kuwaita, kuwaweka na kuwaondoa walimu wake. Miaka miwili baadaye wakulima wa Ujerumani ya kusini walipoandika madai yao kumi na mawili, dai la kwanza lilikuwa hilo hilo: usharika umchague mchungaji wake. Uasi wa wakulima ulizimwa kwa damu, na Luther mwenyewe aliandika dhidi yao maneno ambayo mpaka leo yanatutia haya. Baada ya hapo kazi ya kukagua na kupanga sharika iliwekwa mikononi mwa mtawala wa nchi kama askofu wa dharura. Dharura hiyo ilidumu mpaka mwaka 1918. Tena katika Saksonia mtawala aligeuka kuwa Mkatoliki mwaka 1697, na Kanisa la Kilutheri likaendelea kusimamiwa kwa jina la ukoo wa kifalme usiokuwa wa imani yake. Waliotuletea Injili, basi, hawakuwa watu waliozoea kuona usharika ukimchagua mtu.

Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu mwaka 1902 hadi 1938, pamoja na kipindi cha kukosekana baada ya vita, alitafuta njia yake. Alisema kwamba Mungu ameweka vifungo vitatu vya asili, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo. Aliwafunga vijana wa kipaimara wawili wawili au kwa makundi madogo ili walindane, na alitaka wazee wa mtaa wawe wazee wa Kanisa. Wako wanaomsifu Gutmann kama mtetezi wa utamaduni wetu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini si yote. Gutmann aliupenda ujirani wa Wachagga kwa kadiri ulivyobaki kama alivyoukuta. Vijana waliotaka kuvaa suruali, kusoma Kiingereza na kuuza kahawa kwa jina lao wenyewe hawakupata nafasi kubwa katika mpango wake. Alisikiliza sauti ya ukoo vizuri kuliko sauti ya mtu.

Kwa upande mwingine, Kanisa lilifanya jambo ambalo halikulikusudia. Shule zake zilitoa watu wanaojua kuandika barua, kuweka mahesabu, kuendesha mkutano na kuandika kumbukumbu. Wakati wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa baada ya vita vya kwanza, na tena katika vita vya pili, sharika nyingi ziliendelea kwa mikono ya walimu na wazee wenyeji. Mtu aliyezoea kusimama katika mkutano wa usharika na kusoma taarifa ya sadaka hakuona shida kusimama mbele ya Bwana Shauri na kusoma malalamiko.

Meru na safari ya New York

Jambo hili lilidhihirika huko Meru. Mwaka 1948 Wameru walimkataa Mangi Sante na katiba mpya waliyoona imeletwa kwao bila kuulizwa. Walipokuwa bado wanabishana juu ya katiba, likaja jambo kubwa zaidi. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza, baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa ardhi ambao kwao eneo kati ya Meru na Kilimanjaro lingekuwa la walowezi. Mnamo Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa moto.

Walikuwa hawana mbunge. Hawakuwa na kura. Mangi wao hakuwa mtu wa kutegemewa katika shauri hilo. Hata hivyo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mtu wa nchi ya udhamini alikuwa na haki ya kuleta malalamiko yake mbele ya Baraza la Udhamini. Wameru walichangishana fedha, wakamwajiri wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York. Alikuwa Mtanganyika aliyesimama mbele ya mataifa na kueleza habari za ng'ombe na mashamba ya majirani zake. Katika Mkutano Mkuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika, na ardhi haikurudishwa. Lakini habari za safari hiyo zilienea Tanganyika nzima, na watu wengi walizijua kabla ya kukisikia chama cha TANU, ambacho kiliundwa Julai 1954.

Nikiisoma habari hii huwa nawakumbuka wale binti watano wa Selofehadi katika Hesabu 27. Hawakuwa na cheo. Walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai ardhi ya baba yao, na sheria ikabadilishwa kwa sababu ya dai lao. Musa hakuwaambia wasubiri uchaguzi. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Hapa ndipo ninapoona kwamba swali la tatu, la nani amesema kabla ya kuamuliwa, lina uzito wa kibiblia kuliko tunavyolipa katika mahubiri yetu ya wakati wa uchaguzi. Wayahudi wa Kiyunani katika Matendo 6, ambao wajane wao walisahauliwa, nao hawakupiga kura kwanza. Walinung'unika kwanza, na mitume hawakuyaita manung'uniko hayo uasi.

Mangi Mkuu, halafu Rais

Huko Kilimanjaro mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1946 Waingereza waliugawa mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja chini ya mangi mkubwa wake: Abdiel Shangali, Petro Itosi Marealle na John Maruma. Raia waliona wameongezewa ngazi juu ya ngazi. Mwaka 1949 ukaundwa Muungano wa Raia wa Kichagga, na Petro Njau na mzee Joseph Merinyo walikuwa mbele. Madai yao hayakuwa kuondoa umangi. Walitaka uwepo Mangi Mkuu mmoja wa Wachagga wote, na achaguliwe na watu wenyewe. Uchaguzi ulifanyika, na Thomas Marealle, kijana aliyesoma Uingereza, akawashinda wamangi wakubwa wote watatu. Alisimikwa Januari 1952.

Huu ni utawala wa namna ya pekee: mfalme aliyepigiwa kura. Chini yake Wachagga walipata bendera, wimbo na siku ya sherehe yao. Mambo ya elimu na kahawa yalisonga. Lakini kasoro ilikuwa imejificha ndani ya ushindi wenyewe. Watu walikuwa wamejibu swali la kwanza kwa furaha, la nani humweka, na kulisahau la pili. Mangi Mkuu hakuwekewa muda. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 wale waliokwisha kupata mafunzo ya kupiga kura walianza kuuliza kwa nini wapige mara moja tu. Wapinzani waliunda chama chao na kusogea karibu na TANU. Mwaka 1960 watu waliulizwa tena, na wengi wao wakachagua kuwa na Rais mwenye muda maalumu badala ya Mangi Mkuu. Solomon Eliufoo, mwalimu na Mlutheri, akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga. Yafaa tukumbuke kwamba Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haina rais. Ilimpata Desemba 1962, nchi ilipokuwa jamhuri.

Msomaji na atazame sasa upande wa pili wa barabara, kwenye Kanisa. Mwaka 1958 Mchungaji Stefano Moshi alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini, na cheo chake kilikuwa Rais. Katika kipindi kile kile ambacho raia walimwacha Mangi Mkuu wakamchukua Rais, Kanisa lilimwacha Rais likamchukua Askofu. Watu ni wale wale, na wengi walishiriki katika maamuzi yote mawili. Sidhani kwamba walijipinga. Katika serikali walitaka mtu anayeweza kuondoka. Katika Kanisa, lililokuwa limeongozwa na wageni kwa zaidi ya miaka sitini, walitaka mtu wao wenyewe awe na heshima iliyo kamili, isiyopungua ile ya maaskofu wa madhehebu mengine mlimani na nchini. Jambo lililobaki bila kujadiliwa vya kutosha ni hili: pamoja na joho, je, tulirithi pia kiti cha Mangi Mkuu? Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT, naye Moshi akawa Mkuu wa Kanisa. Mwaka huo huo serikali ilifuta mamlaka ya machifu nchini kwa sheria.

Chama kimoja na vingi

Kuhusu miaka iliyofuata nitasema kwa ufupi, maana wasomaji wengi wameishi ndani yake. Katiba ya muda ya mwaka 1965 iliifanya Tanzania nchi ya chama kimoja, lakini yenye ushindani wa wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja chini ya alama ya jembe na mwingine chini ya alama ya nyumba. Katika uchaguzi wa mwaka huo wabunge wengi waliokuwa wakikalia viti walianguka, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Swali la kwanza na la pili yalipata jibu fulani. Lakini mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika, pamoja na KNCU, vikafuatia. Yaani raia aliendelea kuitwa kila baada ya miaka mitano kumchagua mbunge, huku akinyang'anywa mahali alipozoea kusema kila mwezi juu ya barabara yake na kahawa yake. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Ushirika nao ulirudi, ingawa imani ya wakulima haikurudi kwa kasi ile ile.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ya mwaka 1991. Kati ya watu zaidi ya 36,000 waliotoa maoni, asilimia 77.2 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wanafunzi hucheka wanaposikia habari hii, wakisema kwamba demokrasia ililetwa kinyume cha wengi. Mimi sicheki. Wengi kati ya wale waliotaka chama kimoja walitaka pia kibadilishwe, na Tume ilitaja sheria 40 zilizokuwa zikiwabana raia. Iliwahesabu watu, halafu ikasikiliza pia walichokuwa wakilalamikia. Mtu anaweza kupinga hitimisho lake, lakini alama ya utawala mwema ilikuwamo katika zoezi lenyewe: watu waliulizwa kijiji kwa kijiji, na majibu ya wachache hayakutupwa.

Mkutano wa usharika

Haitakuwa haki kuichunguza serikali na kuliacha Kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakristo wa Meru, watoto na wajukuu wa wale waliomtuma Kirilo Japhet, walidai dayosisi yao wenyewe kutoka Dayosisi ya Kaskazini. Shauri hilo lingeweza kumalizwa kwa vikao. Badala yake Walutheri walipigana na Walutheri, mali iliharibiwa, na dola ikaingia kati. Dayosisi ya Meru ilipatikana, na leo inafanya kazi yake vema. Lakini sisi tunaofundisha wachungaji hatuna budi kuuliza ilikuwaje watu waliojua kupeleka malalamiko mpaka New York bila kurusha jiwe wakashindwa kuyapeleka mpaka Moshi. Sikubaliani na wanaosema kwamba ni ukabila tu. Ukabila ulikuwapo mwaka 1952 pia. Naona zaidi kwamba mwaka 1952 lilikuwapo baraza ambalo, hata likimkatalia mtu, lilimsikiliza hadharani, likaandika maneno yake na kuyapigia kura.

Katiba zetu za dayosisi, kwa maandishi, zina mkutano wa usharika, halmashauri, na mkutano mkuu unaomchagua askofu. Sheria ya nchi nayo ina mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 ni mjumbe wake. Kwa muundo, hivi viwili ni ndugu wa karibu mno wa mfongo. Vyote hufa kwa namna moja, yaani pale ambapo agenda inakuja imekwisha kuamuliwa na waliohudhuria wanaombwa makofi. Nimewahi kuketi katika mkutano wa usharika ambamo bajeti ya mwaka mzima ilisomwa kwa dakika kumi, na mama mmoja alipoinua mkono kuuliza juu ya fedha za ujenzi aliambiwa kwamba muda umekwisha na tusimame kwa sala. Tulisimama. Mimi nilikuwa mchungaji mgeni, nikasimama pamoja na wengine. Na wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya waliokuwamo.

Mwaka 1934, huko Barmen, Wakristo wa Ujerumani waliolikataa kanisa la Hitler walikiri katika tamko lao la nne kwamba huduma mbalimbali katika Kanisa si msingi wa wengine kuwatawala wengine. Maneno hayo yaliandikwa dhidi ya dikteta, na hivyo tumezoea kuyasoma tukimtazama dikteta. Yanaposomwa juu ya meza ya mwenyekiti wa mkutano wa usharika huleta kazi zaidi.

Usharika mmoja nilioutumikia ulikuwa na kabati la vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa kwa mkono, vya zamani vikiwa na wino uliofifia. Katika vile vya kwanza mwandishi aliandika jina la kila mzee na alilosema, pamoja na waliopinga, na mahali pengine aliandika kwamba mzee fulani hakuridhika na akaomba jambo lake lisomwe tena mwezi ujao. Na mwezi uliofuata lilisomwa. Kadiri vitabu vinavyokuwa vipya, majina hupungua, mpaka kinabaki kitenzi kimoja tu, kwamba wajumbe waliafiki. Nawaomba wanafunzi watakaopangiwa sharika za mlimani wavitafute vitabu hivyo kabla mchwa hawajavimaliza, na watakapopata kile cha mwisho ambamo mtu alikataa jambo na jina lake likaandikwa, watazame ni cha mwaka gani.